Kikombe cha Soya Mbele ya Wakwe

Jumatatu, mwezi wa nne, 1994. Kisumu.

Mvua imeanza tangu asubuhi na haina haraka ya kwisha. Hotelini hakuna watu. Wale wa benki wamekunywa wamerudi kazini, wazungu wa utafiti wa samaki hawajatoka ziwani, na mwenye hoteli amelala ofisini kwake kama kawaida yake baada ya chakula. Mashine ya kahawa inapumua peke yake hapa kando yangu. Nimefuta kaunta mpaka hakuna cha kufuta. Mikono yangu ikikaa bure moyo unaanza kukimbia, kwa hivyo naandika.

Nina hofu tangu jana.

Sikusoma sana. Niliachia darasa la nne, kwa hivyo kama maneno haya yamepinda, basi yamepinda. Pasta wetu ndiye aliwaambia kina mama tuwe tunaandika, kwamba taabu ikiandikwa inapungua uzito. Mimi sijaona ikipungua. Lakini naiona vizuri zaidi, kama mchele ukiutandaza kwenye uteo.

Wacha nianze na kazi, kwa sababu shida imetokea kazini.

Mimi ndiye natengeneza kahawa katika hoteli hii. Mume wangu, Baba Awuor, alipofariki nilianza hapa kwa kuosha vikombe. Kijana aliyekuwa kwenye mashine akaenda Nakuru na hakurudi, na mwenye hoteli akanitazama akasema, "Mama, wewe una mikono ya pole. Jaribu." Ndiyo nikajaribu, na sijatoka hapo tena. Nakaanga kahawa mwenyewe nyuma jikoni, nasaga, najaza kile kikombe cha chuma chenye mkono, nabana, navuta chini. Inashuka nzito kama mafuta ya simsim. Maziwa nayo yana bomba lao la mvuke. Mwanzoni yanapiga kelele kama karatasi inachanwa, halafu sauti inakuwa nene, na kiganja kikishindwa kukaa kwenye jagi, basi, funga.

Na sijawahi kuonja kahawa.

Sisi ni watu wa Sabato. Kwetu hakuna pombe, hakuna sigara, hakuna majani ya chai, na hakuna kahawa. Mama yangu hakuonja, na mama yake hakuonja. Kwa hivyo hii kazi niliijifunza na masikio, na pua, na zaidi sana na nyuso za watu. Mtu akionja, uso wake unaniambia kabla mdomo haujasema. Kuna uso wa kahawa iliyoungua. Kuna uso wa kahawa iliyopoa. Kuna uso wa mtu aliye mbali na kwao, anafunga macho kidogo, na mimi hapo najua nimepatia.

Kanisani wengine wanajua kazi yangu, wengine hawajui. Mama mmoja aliwahi kuniambia mbele ya wenzake kwamba anayepika kahawa na haonji ni sawa na anayepika pombe ya chang'aa na haonji. Wakacheka. Nami nikacheka. Lakini lile neno lilinikwama kama mwiba wa samaki, ule mdogo ambao ugali hauwezi kuuteremsha.

Sasa Awuor.

Awuor ndiye mtoto wangu wa kwanza. Anafundisha watoto wa chekechea hapa Manyatta, sauti yake ndogo lakini watoto wote wanamsikia. Mwaka jana kwenye makambi ya kanisa alijuana na Ouma, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Muhoroni. Kijana mzuri. Anasalimia watu na mikono miwili. Nilimwangalia miezi mingi nikitafuta kasoro, kwa sababu mimi ni mtu wa kutafuta kasoro ili nisishtuke baadaye, na sikuona kubwa. Anavaa tu soksi za rangi mbili tofauti.

Wazazi wake ni watu wa Sabato kabisa kabisa. Baba Ouma alifanya kazi kiwanda cha sukari mpaka akastaafu, na sasa ni mzee wa kanisa kwao. Mama Ouma ndiye anaongoza kina mama, na nimesikia kwamba anaweza kujua mtu alikula nini kwa kumsalimia tu. Wakatuma habari kwamba Jumapili watakuja kwangu. Si mambo ya mahari bado. Ni kuja kuona mlango, kama tunavyosema.

Jumapili ndiyo jana.

Wiki yote sikulala vizuri. Mimi nilijua harufu ya kahawa haitoki mwilini. Inaingia kwenye nywele, kwenye kitambaa, chini ya kucha. Nilifua kila nguo mara mbili, nikatoa pazia nikaanika nje, mvua ikalinyeshea, nikalifua tena. Nilijiosha kichwa na limau mpaka Awuor akasema, "Mama, limau zote za soko la Kibuye zimeishia kwa kichwa chako." Nikamwambia, "Nyathina, mtoto wangu, acha niishe mimi, wewe uolewe." Alicheka, lakini alikuja akaninusa shingoni. Akakata limau nyingine. Hapo nikajua bado ipo.

Ouma anajua kazi yangu. Wazazi wake waliambiwa mimi niko hotelini. Si uongo. Hoteli ni hoteli. Hakuna aliyeuliza napika nini, na hakuna aliyesema.

Halafu likaja hili la kinywaji. Mgeni akitoka Muhoroni na mvua hii, atembee kwenye tope la Manyatta, huwezi kumpa maji baridi. Nyumba nyingine wangepika chai na mambo yameisha. Sisi watu wa Sabato tuna soya. Kina mama wa kanisa wanaikaanga kidogo mpaka ifanane na njugu, wanaitwanga, wanaichemsha na maziwa, na ukweli ni kwamba inakuwa kama uji uliokonda. Watu wanaimaliza kwa heshima tu.

Mimi nikataka yangu iwe nzuri. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya jana, kama ni dhambi. Nilitaka wale wageni wanywe kitu kizuri kutoka kwa mkono wangu, wajue mtoto wao anaingia nyumba ya watu wanaojua kupokea wageni.

Nikawasha jiko, nikaweka kikaango, nikaanza kukoroga. Awuor alikuwa anafagia, sisi wawili hatuongei, kila mtu na mawazo yake. Na mkono wangu ukasahau kwamba ile ni soya.

Kahawa ikiiva, inalia. Unasikia tah, tah, kama vijiti vikavu vinavunjika, na hapo ndipo unaanza kuhesabu moyoni mwako. Miaka yote hii nimekaa juu ya kikaango nikisubiri ule mlio. Sasa nikasubiri soya ilie. Nikakoroga, nikasubiri. Ikawa kahawia, nikasubiri. Moshi ukabadilika, nikasubiri. Soya hailii! Mtoto mdogo anajua soya hailii. Nilipogutuka ilikuwa imekuwa nyeusi inang'aa, na harufu ilikuwa imejaa nyumba, si kahawa, lakini ndugu wa kahawa, mtoto wa mama mdogo wake.

Ningeimwaga. Lakini soya nyingine haikuwepo, na kijana wa jirani alikuwa ameshakuja kusema wageni wako Kondele wanateremka.

Kwa hivyo nikaitwanga, nikaichuja na kitambaa, nikatia sukari. Maziwa nikayamimina kutoka juu, jagi hadi jagi, mpaka yakatoa povu. Sikufikiria. Mikono ilifanya yenyewe. Nilipotazama vile vikombe kwenye sinia, vilikuwa ni vile vile ninavyowapa watu wa benki.

Wakafika. Baba Ouma ni mtu mrefu, mpole, anainama mlangoni hata kama mlango haumfikii. Mama Ouma ni mfupi na amenyooka. Alikuwa amevua viatu nje na kuosha miguu kwenye maji ya paa, na hata bila viatu alionekana amevaa viatu. Ouma hakuja, kwa heshima.

Upande wetu alikuwepo shemeji Odhiambo, ndugu ya marehemu mume wangu, ambaye sasa ndiye anakaa mahali pa baba. Shemeji ana moyo safi lakini mdomo wake hauna mlango. Yeye si wa Sabato. Kahawa anakunywa kila jioni kwa wale wazee wa birika kando ya msikiti. Nilikuwa nimemwambia mapema, "Shemeji, leo tafadhali usiongee sana." Akanishangaa. "Mimi? Mimi ndiye wa kuongea?"

Tukaomba. Tukasalimiana, mvua, barabara, bei ya miwa, yale magugu yanayojaa ziwani. Mama Ouma alikuwa anaangalia pazia. Awuor akaingia na sinia, akapiga magoti vizuri, akawapa. Nilikuwa naangalia vikombe visimwagike.

Shemeji akaonja wa kwanza. Akafumba macho. Akapiga goti lake na kiganja.

"Yawa! Shemeji, leo umetuletea ile yenyewe ya hoteli! Hii ndiyo kahawa, si ile ya birika!"

Mama Ouma akaacha kuangalia pazia.

Mvua ilikuwa inapiga mabati na mimi nilikuwa nasikia kila tone.

"Natania," shemeji akasema. "Nilikuwa natania tu. Si kahawa hii. Ni... shemeji, ni nini hii?"

Mama Ouma alikuwa hajaonja. Alikiweka kikombe chini polepole, akakisogeza mbali naye kwa kidole kimoja.

"Mama Awuor," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, afadhali ingekuwa ya ukali, "mimi tangu niingie mlango huu nimesikia hiyo harufu. Nikajiambia, hapana, hawa ni watu wetu. Pengine ni jirani."

Nikasema ni soya. Nikasema imeniungulia. Nikasema Mungu ananiona. Akaniuliza mimi nafanya nini huko hotelini. Nikamwambia. Sikuficha. Na kadiri nilivyokuwa nikisema ukweli, ndivyo nilivyosikika kama mwongo.

Halafu akauliza swali ambalo lilinimaliza. "Kwa hivyo haina ladha ya kahawa?"

Ningesema nini? Mimi ladha ya kahawa siijui. Mwanamke wa mashine, mikono yake inanuka kahawa, hawezi kuapa kwamba alichopika si kahawa kwa sababu hajui kahawa ikoje mdomoni. Niliona Awuor ameinamisha kichwa. Niliona harusi ya mtoto wangu inatoka mlangoni na kuingia mvuani.

Ndipo nikamwona Baba Ouma.

Alikuwa ameonja. Wakati sisi tunaongea, yeye alikuwa amekunywa, na uso wake ulikuwa uso ninaoujua. Ni uso wa mtu anayetafuta kitu ndani ya kikombe na hakipati. Wazungu wanakuwa hivyo siku kahawa ya Nairobi ikichelewa na tukichanganya ya mkebe. Mtu ambaye hajawahi kunywa kahawa hawezi kuwa na uso ule. Nikajua. Na yeye akainua macho, akaona kwamba nimejua.

Angeweza kunyamaza. Hilo nimeliwaza usiku kucha. Mzee wa kanisa, mgeni katika nyumba ya watu, mke wake kando yake. Hakuna mtu duniani angemlaumu.

"Hii si kahawa," akasema.

Mama Ouma akageuka. "Umejuaje?"

"Kahawa inakaa hapa." Akagusa koo. "Inabaki. Hii imepita tu."

"Baba Ouma. Umejuaje?"

Shemeji Odhiambo akauziba mdomo wake na kikombe.

"Kiwandani," akasema yule mzee. Alikuwa anaangalia kikombe. "Zamu za usiku. Mashine zile, mtu akisinzia anapoteza mkono. Wote tulikuwa tunakunywa."

"Miaka yote?"

"Miaka yote, Mama Ouma."

Mama Ouma hakupiga kelele, hakulia. Alisema tufunge kwa maombi, na ni yeye mwenyewe aliyeomba, na sauti yake haikuyumba hata kidogo. Akabariki nyumba yangu. Akambariki Awuor kwa jina. Jina la Baba Ouma hakulitaja. Halafu akatoka, akavaa viatu, akatangulia kwenye tope, na mume wake akamfuata nyuma kama mtu aliyepotea njia na ameona mtu wa kumfuata.

Kuku niliyekuwa nimemfunga miguu niwape waende naye alibaki pale jikoni anatutazama. Wageni wa namna hii kutoka bila kuku, kila mtu hapa anajua maana yake: uchumba umekataliwa.

Awuor akamfungua yule kuku. Akaosha vikombe, vyote, hata ambavyo havikuguswa. Kisha akasema, mgongo ukiwa kwangu, "Mama, kwa nini usingeacha tu hii kazi?"

Akaja kuomba msamaha hata kabla ya chakula. Lakini neno likitoka limetoka. Nami nilikasirika, acha niseme ukweli. Nilikasirika kwa sababu ile mashine ndiyo ilimsomesha, na kwa sababu alikuwa amesema kitu nilichokuwa nikijiambia mwenyewe.

Asubuhi ya leo nilisimama hapa mbele ya mashine na kahawa ya kwanza mkononi. Nikaiangalia. Nikajiambia, onja, tone moja, siku nyingine wakikuuliza uwe na jibu. Mwenye hoteli angefurahi, miaka yote ananicheka. Sikuonja. Si kwa sababu ya pasta, nafikiri. Ni kwamba mtu mmoja alikwishalipa gharama ya kujua ladha ile, na alilipa kwa ajili yangu. Nikionja mimi sasa ni kama naifanya ya bure.

Kuna mtu mlangoni. Wacha niweke kalamu.

*

Sasa ni jioni, niko nyumbani. Natamani niandike kabla sijasahau ilivyosemwa.

Mtu aliyekuwa mlangoni ni Baba Ouma. Kofia yake ilikuwa inadondoka maji. Alikuja mpaka kaunta, akaiangalia mashine kwanza, muda kidogo, kisha mimi.

"Mama Awuor, sikuja kunywa."

"Najua, Baba."

"Mama Ouma yuko nje. Amekataa kuingia. Tulikuja na lori la miwa lililokuwa linakuja mjini, njia nzima hajaniambia neno. Tangu jana anaongea na Mungu tu." Akavua kofia. "Anakuita wewe."

Wakati huo huo akaingia mteja wa benki, anapangusa mvua mabegani, anasema, "Mama, moja nyeusi, haraka." Mimi sijawahi kumwambia mteja angoje. Nikamwambia angoje. Nikatoka vile vile na aproni yangu, na unga wa kahawa mikononi, bila kunawa. Niliwaza, jana nilijiosha na limau na haikusaidia. Leo anione nilivyo.

Mama Ouma alikuwa amesimama chini ya baraza ya duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, ameshika mwavuli umefungwa. Aliniangalia aproni, halafu uso.

"Yeye huwa anakuja hapa?"

"Sijawahi kumwona hapa, Mama. Hata siku moja."

"Usinifichie kwa sababu ya mtoto."

"Sikufichi. Ningemjua."

Aliamini, nafikiri. Gari likapita likaturushia maji, hakuna aliyesogea.

"Na wewe, kweli hujaonja?"

"Sijaonja."

"Sasa unajuaje ikiwa nzuri?"

Nikamwambia. Nawaangalia watu usoni.

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mimi ule uso nimeuangalia tangu niolewe," akasema. "Asubuhi akitoka zamu nampa uji. Ananiambia, Mama Ouma, uji wako ni mtamu. Nami nasimama namwangalia anakunywa. Sikuona kitu."

Wakati mwingine mtu akikuambia kitu cha namna hiyo, jibu lolote ni tusi. Nilitaka kumshika mkono lakini wangu ulikuwa mchafu, nikauacha. Nilimwambia tu kwamba Baba Ouma angeweza kunyamaza jana. Kwamba alisema kwa sababu ya Awuor.

"Najua kwa nini alisema," akanijibu haraka. "Hiyo ndiyo inaniuma. Kwa mtoto wa watu alisema siku moja. Kwangu hakusema."

Mvua. Mteja wangu alikuwa mlangoni ananiangalia, amefungua mikono kama kuuliza, Mama, vipi? Sikumjali.

Kisha Mama Ouma akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya mboga, "Ile soya ilikuwaje nyeusi vile?"

Nikamweleza jinsi nilivyosubiri ilie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kona moja ya mdomo wake ikasogea.

"Soya hailii, Mama Awuor."

"Sasa najua, Mama."

"Alimaliza kikombe chote," akasema. "Wakati sisi tunabishana. Na changu pia alikinywa, uliona? Nilipokuwa naomba. Nilifungua jicho."

Sikuwa nimeona.

Halafu akasema, akiangalia barabara, si mimi: "Awuor anajua kuikaanga vile?"

"Hajui. Iliniponyoka tu."

"Basi mfundishe. Kabla hajaja kwetu. Mimi sitaki Ouma awe na kitu anakitafuta nje na mke wake hajui."

Nilitikisa kichwa, nikasema ndiyo, Mama, ndiyo, na nilikuwa nimerudi katikati ya barabara ndipo nikasikia alichosema. Kabla hajaja kwetu. Nikageuka. Alikuwa ameufungua mwavuli, ule mkubwa, wa watu wawili. Baba Ouma alikuwa ameshateremka ngazi za hoteli. Alitembea kando yake, nje ya mwavuli, mvua inamlowesha, na Mama Ouma hakumwita ndani wala hakuongeza mwendo ili amwache. Walienda hivyo mpaka kwenye posta. Zaidi ya hapo sikuona. Mteja aliniita.

Nilimtengenezea kahawa yake nyeusi. Nilibana kupita kiasi na alisema leo imekuwa kali. Nikamwambia pole.

Nilipomwambia Awuor alikaa chini pale pale mlangoni. Alitaka nimrudie maneno yale yale, kama yalivyosemwa, na mimi nikamrudia, na mara ya tatu ndipo akalia. Amekwenda kumwambia rafiki yake na amerudi na soya kwenye mfuko wa karatasi. Hakutaka kungoja. Sasa hivi anaichambua kwenye uteo, anaimba chini chini.

Ningepaswa kufurahi. Nimefurahi. Lakini kila furaha ikija inapitia kwenye ile nyumba ya Muhoroni, ambapo leo watu wawili waliozeeka pamoja wamekaa mezani na mmoja anamwangalia mwenzake kama mgeni. Na imetoka kwenye kikaango changu. Nimewaombea wao kabla ya sisi. Sijui Mungu anaitikiaje ombi la namna hiyo, la kuomba mtu amsamehe mwenzake kitu kidogo kilichokaa miaka mingi.

Kuhusu kazi, Mama Ouma hakusema kitu. Atasema. Pengine kanisa pia litasema, kabla ya harusi. Nimeamua: nikiulizwa, nitajibu, na nisipoulizwa, nitajisemea mwenyewe safari hii, kwa pasta, mchana, nikiwa nimekaa. Ikibidi niache mashine nitaiacha nikijua nimeacha nini. Lakini sitajiosha tena na limau.

Awuor ananiita. Anauliza atajuaje imefika, kama soya hailii. Nimemwambia atazame moshi. Hilo naweza kumfundisha, na maziwa, na povu, na jinsi ya kushika jagi. Lile lingine, la kukaa na mtu maisha yako yote na umjue, hilo hata mimi sikulipata; baba yake alikufa kabla sijamaliza kujifunza.